Mahudhurio ya Fundi Kitwana

"Sasa hii ikianguka, Bi Sikudhani, nani anayeizima?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa Bi Nyamizi, jirani wa ukuta mmoja, siku alipoipiga taa kumbo kwa upindo wa kanga yake. Taa ilikuwa juu ya kigoda inawaka, ikaanguka ubavu, na kabla mtu hajawahi kusema astaghafirullah ilikuwa imezimika, imelala sakafuni na mafuta yake yote tumboni, haijamwaga hata tone. Bi Nyamizi akaiokota, akaigeuza, akaichungulia ndani, kisha akachungulia na nyuma ya mlango, kama kwamba aliyeizima amejificha huko. Bi Sikudhani alikuwa anamtazama mumewe, Fundi Kitwana, aliyekuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanamtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza ile taa kumtii. Ilimchukua miaka kumi na mmoja.

Mambo haya yalitokea katika nchi ambayo jina lake ni marufuku kutajwa na mtu aliyekaa. Na kwa kuwa hadithi husomwa watu wamekaa, jina tuliache lilipo, lisije likamponza msomaji. Ilikuwa nchi nzuri. Umeme ulishafika katika kila nyumba tangu mwaka wa tangazo. Tangazo lenyewe lilisomwa redioni, na watu wa Mtaa wa Bati walilisikiliza kwa utulivu, kwenye redio za betri, wamezunguka vibatari vyao, zile taa za kopo na utambi ambazo kuanzia saa ile hazikuwepo tena nchini.

Moto nao haukuwepo. Nyumba ikiungua, gazeti liliandika kwamba imepata joto lililozidi. Waliofia humo liliandika kwamba wamehama.

Mwatumu, mtoto pekee wa Fundi Kitwana na Bi Sikudhani, alihama akiwa na umri wa miaka saba. Alikuwa anaandika hesabu zake, kibatari kikaanguka juu ya daftari. Mama yake alikuwa uani anasali magharibi. Alisikia mtoto akilia, naye yuko kwenye sijda, akadhani amekwaruzwa na paka. Na kile kibatari alikitengeneza Kitwana kwa mkono wake. Alikuwa fundi bati, vibatari vyote vya mtaa ule vilitoka kwake, na chini ya kila kimoja alipiga alama yake, matundu matatu ya msumari.

Baada ya pale hakutengeneza tena kibatari kwa ajili ya kuuza. Alitengeneza kimoja tu, akakivunja, akakitengeneza, akakivunja. Mwishowe akapata njia. Gololi ya baiskeli inakaa ndani ya kikombe kidogo cha bati, imeshikilia kifuniko. Taa ikisimama, gololi imetulia. Taa ikilala, gololi inatoka kikombeni, kifuniko kinaangukia utambi na shingo ya mafuta inajiziba. Basi. Kitu ambacho mtu akionyeshwa husema angeweza kukifikiria yeye.

*

Ilibaki kuifikisha sokoni. Katika nchi ile, mtu aliyebuni kitu hakuruhusiwa kukiuza, wala kumfundisha mwenzake kukitengeneza, mpaka apate kibali cha Idara ya Kuhamasisha Wabunifu Huru na Kuwafikisha Sokoni. Fundi mmoja wa Mtaa wa Bati aliwahi kuuza jiko lake jipya bila kibali. Alihamasishwa miezi sita, na aliporudi alikuwa hana meno ya mbele.

Kwa hiyo Kitwana aliandika barua. Akasubiri jibu miaka miwili. Siku moja alikuwa ameshika nyundo, akaiweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai, akalala ubavu na hakuinuka. Bi Sikudhani akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hakuvuka kizingiti. Siku ya kutoka eda ndiyo siku barua ya Idara ilipoingia. Ilimpongeza Fundi Kitwana kwa kuchaguliwa. Ilimtaka aje na taa yake, moja tu, na ahudhurie Darasa la Hamasa kila Jumatatu bila kukosa. Mbunifu atakayekosa hata mara moja, barua ilisema, faili lake litafungwa kwa upendo.

Bi Sikudhani alisoma mpaka darasa la saba, na barua ile aliisoma mara tatu. Alifikiri ataenda, ataeleza, watamwelewa. Alifunga taa ndani ya kanga, akaitia kikapuni.

Ukumbi ulikuwa na viti vya safu, kama safu za msikiti uliojaa. Mbele alikaa Karani Lukindo, mtu mzima wa kukaribia kustaafu, na kitabu cha mahudhurio kikubwa kama mlango wa kabati. Alikuwa anaita majina na watu wanaitika. Bi Sikudhani alikaa, kikapu akakiweka kwenye kiti cha pembeni, akawa anapanga maneno ya kueleza. Karani akaita:

"Fundi Kitwana Mshangama."

"Abee," akasema Bi Sikudhani.

Lilimtoka lenyewe. Miaka thelathini na mmoja alikuwa anaitika jina lile mlangoni. Kitwana alizibwa masikio na nyundo angali kijana, na mtu akipiga hodi na kumwita, mkewe ndiye aliyejibu, awe jikoni, awe kisimani, awe amelala. Jina la mumewe lilikuwa na njia yake mdomoni mwake.

Karani aliinua macho. Aliona mwanamke, akaona kiti cha pembeni kina kikapu. Akaandika.

Darasa lilipokwisha Bi Sikudhani alimfuata mezani, akamwambia kwa adabu kwamba yule aliyeitwa ni marehemu, na yeye ni mjane wake.

Karani Lukindo akafungua kitabu, akaweka kidole. "Bi mkubwa, hapa pameandikwa yupo."

"Si umeandika wewe, ndugu yangu?"

"Nimeandika kwa wino."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama daktari anayetoa majibu. Kisha akainama kidogo na kumweleza, kwa sauti ya chini, jinsi mambo yalivyo. Mbunifu akiwa marehemu, kitu chake kinakuwa kumbukumbu ya taifa, kinaingizwa Ghala la Matumaini na hakitoki tena. Mbunifu akiwa yupo, safari inaendelea. Na kibali kikishagongwa muhuri, kinakuwa cha bidhaa, si cha mtu. Mwenyewe hata akihama siku ileile, bidhaa inabaki sokoni.

"Chagua wewe," alisema. "Kalamu yangu ni moja."

Bi Sikudhani alirudi nyumbani akavuta tasbihi, astaghafirullah mia, na mia nyingine. Alijiambia kwamba abee si uongo. Abee ni kuitika tu, mtu anaweza kuitika na asiwe amesema chochote. Alijiambia hivyo wiki nzima, na Jumatatu akaitika tena.

*

Darasa la Hamasa lilifundishwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Mtukufu Gwandumi, ambaye alikuwa hajawahi kubuni kitu na kwa sababu hiyo hakuwa na upendeleo. Aliingia na watu wawili, mmoja wa kumbebea maji na mmoja wa kuanza makofi.

"Mbunifu huru," alisema, "ni mtu anayeamka kabla ya jua, na kukuta jua limeshapata kibali. Msikate tamaa. Kila asubuhi simama mbele ya kioo, jiambie: mimi ndiye soko. Usiuze bidhaa, ndugu yangu. Uza ndoto. Bidhaa tuachie sisi."

Na kweli waliachiwa. Kila mmoja alikuwa amekabidhi kitu chake siku ya kwanza, kikabandikwa kibandiko na kuwekwa stoo ya Idara. Baada ya hapo walipewa kijitabu. Kijitabu kilimshauri mbunifu asimwonyeshe mtu yeyote siri ya kitu chake, na ukurasa wa pili kilikuwa na fomu ya kuieleza siri hiyo kwa ukamilifu, nakala nne. Kilimshauri awajue wateja wake. Kilimshauri apige picha akitabasamu, ameelekea upande wa kulia, kwa maana upande wa kulia ndiko maendeleo yaliko.

Mtu aliyekuwa akikaa nyuma ya Bi Sikudhani, Mzee Chiduo, alibuni mashine ya kuparuza mihogo. Alikuwa na miaka tisa darasani. Alimwambia Bi Sikudhani, kwa utani, kwamba alipoanza alikuwa na nywele na mke, na sasa amebaki na hamasa. Akamwonyesha picha za ukutani chini ya maandishi WALIOFANIKIWA. Zilikuwa nyingi, safu kwa safu, wote wametazama kulia. Bi Sikudhani aliuliza bidhaa zao zinauzwa wapi. Mzee Chiduo akatazama juu, akatazama chini.

"Dada yangu, hao wote wamehama," alisema.

Ghala la Matumaini lilikuwa nyuma ya ukuta ule wa picha. Mlango wake ulifungwa kufuli tatu. Lakini darasa likinyamaza, mtu aliweza kusikia mambo. Feni fulani ilikuwa inazunguka humo. Kitu kingine kilikuwa kinasaga, polepole, bila ya kuwa na kitu cha kusaga. Wenyeji walishazoea, kama watu wanaokaa karibu na mto. Jumatatu ya nne, Mtukufu alipotua kunywa maji, Bi Sikudhani alisikia nyundo. Mbili ndogo, moja kubwa. Mbili ndogo, moja kubwa. Mapigo ya Kitwana hayo, alilala na kuamka nayo miaka thelathini na mmoja, na hakuna fundi mwingine aliyepiga hivyo.

Alimuuliza Karani kama naye anasikia.

"Ni mabomba," alisema Karani.

"Mna maji?"

Karani akafikiri. "Hapana."

*

Mwezi wa tano Idara ilitoa vyeti vya mahudhurio. Fundi Kitwana alipata cha kwanza. Hakuchelewa hata siku moja, hakuuliza taa yake iko wapi, hakusinzia, hakukohoa Mtukufu akisema. Wabunifu walio hai walisemwa mbele ya watu na kuambiwa wajifunze kwake. Mzee Chiduo alisema kwa sauti ndogo kwamba anajitahidi, na kwa jinsi kifua kinavyombana atafika tu.

Uongo ulimlemea Bi Sikudhani, akajaribu tena kusema kweli, liwalo na liwe. Safari hii alimwendea Mtukufu mwenyewe mlangoni, akapiga goti, akasema mume wake amefariki na amezikwa, na kaburi lipo.

Mtukufu Gwandumi alimshika bega. "Mama, kama amefariki, nani amehudhuria?"

Na kabla hajapata jibu alishakwenda, na yule wa makofi akapiga.

Mwezi wa saba Kitwana alitangazwa Mbunifu Mtulivu wa Mwaka. Mwezi wa tisa Idara iliona kwamba busara kama ile isiachwe kwenye safu za nyuma. Akateuliwa kuwa mjumbe namba tano wa Jopo, lile ambalo hutoa vibali; namba nne alikuwa Mtukufu mwenyewe. Aliwekewa kiti cha mikono, chenye mto wa foronya, kwenye meza kubwa. Kanuni za Jopo zilimfaa kama zilizoshonwa kwa kipimo chake. Mjumbe asiyesema kitu alihesabiwa kwamba amekubali. Swali liliulizwa mara mbili, mwanzo wa kikao na mwisho. La mwanzo likaandikwa kwa penseli, la mwisho kwa wino, na waliohesabiwa kwa wino ni wale tu waliokuwa bado chumbani. Ndiyo maana wajumbe walijizuia kwenda haja mpaka kitabu kifungwe, na maamuzi mengi ya nchi ile yalifanywa haraka.

Bi Sikudhani sasa alikaa kwenye benchi la ukutani, kama mke wa mkubwa. Mjumbe namba tano akiitwa, aliitika yeye. Kila mjumbe aliletewa glasi ya chai, na namba tano pia. Jumatatu moja Bi Sikudhani aliona ile glasi imefika nusu. Akamtazama Karani, akatazama wajumbe. Hakuna aliyekuwa amesogea. Kikao kilipokwisha alienda kuchukua kikapu chake, akapitisha mkono juu ya foronya ya kiti. Ilikuwa na joto, joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Na harufu ya risasi ya kuunganishia bati ilikuwa palepale.

Njia nzima alisoma Kulhuwallah. Mtu akishazikwa, wamemswalia na kumwombea, anaachwa apumzike. Huyu amekuwa akiitwa kila wiki, kwa jina lake, na yeye ndiye anayemwitikia. Kama Kitwana hajapumzika, ni nani aliyemwamsha?

Lakini akiacha kuitika, taa itaingia ghalani. Na kila jioni ya Mtaa wa Bati, ukitazama madirisha, vile vitu visivyokuwepo vilikuwa vinawaka.

*

Bi Nyamizi alikuwa analea wajukuu wawili, Siwema na mdogo wake Heri, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimama na kushika kila kitu. Siku moja alikuja kwa Bi Sikudhani na bakuli la maandazi, na baada ya salamu na habari za goti akaeleza alichojia.

"Niazime ile taa yenu, shoga yangu. Hiki kitoto kinanitia hofu na kibatari."

Bi Sikudhani akamwambia taa iko Idarani, na haikuwepo nyingine. Kitwana alitengeneza moja. Bi Nyamizi akauliza kwani mafundi wa mtaani hawawezi kuiga. Wangeweza, kwa asubuhi moja. Bi Sikudhani akamkumbusha yule wa jiko, na meno yake.

"Basi si kitu," alisema Bi Nyamizi. "Kibali kikitoka uniwekee ya kwanza."

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa, baada ya magharibi, Bi Nyamizi alitoka kwenda kuteka maji bombani, hatua arobaini. Bi Sikudhani alikuwa juu ya mswala. Alisikia mtoto akilia ng'ambo ya ukuta. Safari hii hakumaliza rakaa. Aliruka na kanga moja, akavunja mlango kwa bega, lakini paa la makuti lilishashika, na watu walimvuta nyuma kwa nguo.

Gazeti liliandika kwamba nyumba moja ilipata joto lililozidi, na kwamba wakazi wawili walihama.

Msibani Bi Nyamizi alikaa pembeni ya mkeka. Bi Sikudhani alikaa naye siku tatu, bega kwa bega. Siku ya tatu, wanawake walipokuwa wanaosha masufuria, Bi Nyamizi akasema, bila ya kugeuka:

"Ile taa, bado iko safarini?"

Baadaye Bi Sikudhani alipita kwenye jivu. Kibatari kilikuwepo, kimepinda kidogo, bado kizima. Alikifuta kwa kanga, akakigeuza. Chini yake palikuwa na matundu matatu ya msumari.

*

Jumatatu iliyofuata ombi la taa lilifika mbele ya Jopo. Bi Sikudhani alifika mapema, kikapu mkononi. Karani Lukindo aliita majina. Alipofika namba tano Bi Sikudhani aliitika abee, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilivyokuwa tulivu.

Taa iliwekwa katikati ya meza, na kibandiko chake. Mtukufu Gwandumi alisimama. Alisema Idara imefanya utafiti wa soko. Imebainika kwamba nchini hakuna kibatari hata kimoja, kwa hiyo hakuna anayehitaji kibatari kilicho bora. Imebainika pia kwamba taa inayojizima ikianguka inamtukana mwananchi, kwa kuwa inamaanisha mwananchi huangusha. Na moto nao haupo. Kwa moyo wa upendo alipendekeza taa ipelekwe Ghala la Matumaini, kwa utafiti zaidi.

"Kuna mjumbe anayepinga?"

Mjumbe wa kwanza hakupinga. Wa pili na wa tatu hawakupinga. Watu wote wakageuka kukitazama kiti cha tano, na nyuma ya ukuta wa picha nyundo ilikuwa inapiga, mbili ndogo, moja kubwa.

"Mbunifu mwenyewe amekubali," alisema Mtukufu, machozi yakimlengalenga. "Mtu anaamua dhidi ya kitu chake. Huo ndio uzalendo."

Makofi yakapigwa. Karani akaandika kwa penseli.

Bi Sikudhani akanyanyuka kwenye benchi. Aliomba ruhusa ya kusema kabla ya swali la mwisho, na kwa kuwa alikuwa mke wa mjumbe akaruhusiwa. Alitoa kikapuni kibatari cha Bi Nyamizi, alichokitia mafuta na utambi nyumbani, akakitua mezani kando ya taa ya Kitwana. Akatoa kiberiti, akasema bismillahi, akawasha vyote viwili. Moshi mweusi wa kibatari ukapanda mbele ya nyuso za wajumbe. Mmoja akavuta makaratasi yake.

"Bi mkubwa," alisema Mtukufu, "weka chini hicho kibatari."

"Hakuna kibatari nchini, mtukufu," alisema Bi Sikudhani. "Niweke chini kitu gani?"

Alikuwa ameshakishika, ameanza kukilaza taratibu juu ya nakala nne za fomu, mafuta yanacheza mdomoni.

Hapo ilionekana faida ya kuchagua maneno vizuri. Hakuna aliyeweza kupiga kelele za moto, kwa kuwa moto haukuwepo, na wao ndio walioweka sahihi. Mjumbe wa pili alijaribu kusema joto, akasema joto lililo, na lililobaki akalimalizia koridoni. Wa kwanza na wa tatu walikwama mlangoni pamoja. Mtukufu Gwandumi alitoka kwa dirisha, na yule wa makofi akamfuata bila kupiga.

Bi Sikudhani akakisimamisha kibatari, akakipulizia, kikazimika. Karatasi hata moja haikuungua.

Wakabaki yeye na Karani Lukindo, ambaye kanuni haikumruhusu kuondoka kabla ya kitabu kufungwa. Alikuwa ameganda na kalamu mkononi. Taa ya Kitwana ilikuwa bado inawaka katikati ya meza. Bi Sikudhani aliisukuma kwa kidole kimoja, ikaanguka ubavu mbele ya kitabu. Karani akafumba macho. Alipoyafumbua taa ilikuwa imelala, imezimika, na kitabu kikavu.

Akaitazama. Akachungulia chini ya meza.

"Nani ameizima?" akauliza.

Bi Sikudhani alisimamisha taa, akaipangusa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Swali la mwisho bado hujauliza, Karani?"

"Bado."

"Waliomo chumbani ni nani?"

Karani akatazama kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kile kikubwa cha Mtukufu. Akatazama cha tano.

"Ni namba tano," alisema.

"Muulize."

Hakuna ajuaye Karani Lukindo alifikiria nini. Alikuwa na miaka thelathini na nane kazini, na kanuni alizijua kuliko majina ya wanawe, akajua hakuna iliyosema swali la mwisho liulizwe kwa maneno gani. Alivaa miwani. Alikielekea kile kiti, akauliza kwa sauti yake ya kazi:

"Inaulizwa, je, taa hii ipewe kibali, itengenezwe na kila fundi na kuuzwa popote? Kuna mjumbe anayepinga?"

Walisubiri. Nyuma ya ukuta feni ilikuwa inazunguka, na kile kitu kinasaga, na nyundo inapiga. Kitini hakuna aliyesema kitu.

"Amekubali," alisema Karani. Akaandika kwa wino. Akatoa kibali sandukuni, akajaza, akapuliza muhuri kwa pumzi, akaugonga.

Ilibaki kufunga. Kila kikao kilifungwa kwa kuita majina, na asiyeitika kwenye kufunga alifutwa kitabuni, moja kwa moja, hata awe nani. Karani aliita mjumbe wa kwanza, kimya. Wa pili na wa tatu. Aliita jina la Mtukufu Gwandumi na vyeo vyake vyote, kimya, na kalamu ikapita juu yake kama juu ya wengine. Akafika chini.

"Fundi Kitwana Mshangama."

Neno lilipanda lenyewe kifuani mwa Bi Sikudhani, likapita njia yake ya miaka yote, likafika kwenye meno. Akayafunga. Alishika ukingo wa meza.

"Fundi Kitwana Mshangama."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa kuogopa kwamba akifungua mkono na mdomo utafunguka.

"Fundi Kitwana Mshangama," aliita Karani mara ya tatu, kwa upole, kama mtu anayeita mlangoni na tayari anageuka kuondoka.

Nyuma ya ukuta, nyundo ilipiga mbili ndogo. Ile kubwa haikufuata.

Karani aliandika hayupo. Akakausha wino, akafunga kitabu, akainuka kwenda kukishika kile kiti cha mikono. Akaweka kiganja juu ya foronya na kukiacha hapo.

"Kinapoa," alisema. "Bi mkubwa, miezi yote hii, ni nani huyu tuliyekuwa tunakaa naye?"

Bi Sikudhani alitia taa na kibali kikapuni. Kibatari cha Bi Nyamizi alikiweka kwenye kiti cha Mtukufu Gwandumi, kimesimama wima. Akavuta kanga kichwani, akapita mbele ya picha za wote waliofanikiwa, akatoka kuelekea Mtaa wa Bati.